Nguo idumu: mwongozo kamili, kuanzia mezani kwa muuzaji hadi kiraka cha mwisho

Mwezi wa kwanza nilimnunulia binti yangu mashati mawili meupe ya shule. Kufika Pasaka moja lilikuwa limefumuka kwapani, na la pili kola yake imeota manyoya na kuanza kukatika kwenye mkunjo. Sikumgombeza mtoto. Nililigeuza shati ndani nje, nikalilaza mezani kando ya shati langu la mtumba ambalo nimekwenda nalo kazini kwa miaka tisa, nikachukua futi kamba nikaanza kuhesabu. Kwenye shati langu sindano ilikuwa imepiga mara 12 ndani ya inchi moja. Kwenye shati la shule ilipiga mara saba. Langu lilikunjwa kingo zote na kushonwa mara mbili, hakuna uzi uliobaki wazi. La shule lilibakiziwa ndani ya mshono kitambaa chembamba kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na kwapani ovaloki, ule mshono wa kufunga kingo, ilikuwa imekosa kukishika kitambaa kabisa, imezungusha uzi hewani.

Yote mawili yalikuwa meupe, yamepigwa pasi, yana kola nzuri. Ukiyatundika dukani pamoja, la shule ndilo lingekuvutia.

Tangu siku ile sinunui nguo kwa macho. Rangi, mtindo na maandishi ya kifuani ni mambo ya macho, na huko ndiko watengenezaji walikohamishia juhudi zao. Nguvu ya nguo imo ndani ya uzi na ndani ya mshono, na huko hufiki isipokuwa kwa vidole. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mikono. Nimeuandika kwa mpangilio wa safari ya nguo: kabla hujalipa, siku ya kwanza nyumbani, beseni, kamba, sindano.

Nguo imepunguzwa wapi

Ni vizuri kujua unachokitafuta kabla hujaenda kukitafuta. Nguo haikudhoofika kwa bahati mbaya. Imepunguzwa kidogo kidogo, kila mahali ambapo mteja haangalii. Kitambaa kimefanywa chepesi: fulana imara huwa na gramu 180 au zaidi kwa mita ya mraba, nyepesi ni 140 kushuka. Pamba inayosokotwa ni ya nyuzi fupi, ambazo hutoka nje ya uzi mapema na kujiviringisha kuwa vijidonge. Jinzi iliyokuwa pamba tupu, nzito, leo inachanganywa na spandeksi ili ivutike, na spandeksi huchoka kabla ya pamba. Mshono umerefushwa, kwa sababu mshono mrefu unakula uzi kidogo na muda mfupi.

Chanzo kikubwa ni bei. Tangu 1974 biashara ya nguo duniani iliendeshwa kwa viwango maalumu vya kiasi ambacho nchi maskini ziliruhusiwa kuuza kwa nchi tajiri. Viwango hivyo viliondolewa tarehe 1 Januari 2005, na viwanda vikabaki kushindana kwa kitu kimoja: nani atashona kwa senti chache zaidi. Wakati senti zinakatwa kwenye uzi, zinakatwa pia kwa anayeshona. Jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013, walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na bado waliambiwa waingie kazini. Sitaki mtu asome habari za mishono bila kuwakumbuka wale.

Kwetu Tanzania kuna la ziada. Tulikuwa na viwanda vya nguo: Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, tangu 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, na majirani zetu Kenya walikuwa na Rivatex Eldoret. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990, viwanda hivi vilizorota kimoja baada ya kingine. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota ya pamba ghafi, kisha inaturudia kama shati lililoshonwa mbali. Nayo mitumba ni kivuli cha maduka ya Ulaya na Marekani: kilichouzwa kule miaka michache iliyopita ndicho kinachofunguliwa soko la Karume, Dar es Salaam, leo. Nguo zao zikidhoofika, na belo letu, lile robota la mitumba, linadhoofika. Ndiyo maana wazee wa mitumba wanakuambia belo si kama la zamani, na hawasemi uongo.

Hatua ya kwanza: hesabu siku, usihesabu bei tu

Kabla ya kutoka nyumbani jiulize nguo hii utaivaa mara ngapi. Shati la shilingi 12,000 likivaliwa mara 20 likaisha, kila siku limekugharimu 600. La shilingi 30,000 likivaliwa mara 150, ni 200 kwa siku. Najua vizuri kwamba 30,000 haipatikani kwa mkupuo, na mwenye 12,000 mkononi hawezi kuvaa hesabu. Ninachofanya mimi ni kununua moja badala ya tatu, na kuanza na zile zinazovaliwa kila siku: sare, suruali ya kazi, nguo za ndani. Gauni la sherehe linalotoka mara mbili kwa mwaka halihitaji kuwa chuma.

Nenda mchana. Taa nyeupe za dukani zinafanya kila kitambaa kionekane kizito. Chukua futi kamba mfukoni, na usione aibu kuitoa.

Hatua ya pili: jaribu kitambaa

Anza na mwanga. Ingiza mkono ndani ya nguo na uielekeze kwenye jua. Kwenye fulana au suruali, ukiweza kuhesabu vidole vyako waziwazi, kitambaa ni chepesi mno kwa kazi ya kila siku. Angalia pia kama mwanga unapita sawasawa. Mabaka mabaka ya mwanga maana yake uzi wenyewe haukusokotwa sawa, na palipo na mwanga mwingi ndipo patakapotoboka kwanza.

Halafu sugua. Jaribio hili nimefundishwa na mama yangu kwenye khanga, Mtaa wa Uhuru, na sijaona lililo bora. Khanga mpya inakuja kavu, ngumu, inalia kama karatasi, na mtu asiyejua hudhani ugumu ule ni uzito wa pamba. Shika pembe ya kitambaa, isugue kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada kana kwamba unafua doa, ukihesabu mpaka 20. Ikidondosha vumbi jeupe, na pale uliposugua pamelegea na nyuzi zimeachana kama wavu, basi ulichokuwa unashika ni wanga. Wanga ule utaondoka na maji ya kwanza na utabaki na doti ya chandarua. Khanga njema huacha vumbi dogo au haiachi kabisa, na ukiisugua inazidi kuwa laini huku nyuzi zikibaki zimesongamana. Jaribio hilohilo linafanya kazi kwenye vitenge, mashuka na vitambaa vya sare.

Sitashangaa kama wateja wa bara walikuwa wakifanya hivi hivi tangu karne ya 19, wakati kitambaa cha marekani kilipoletwa Zanzibar na mabaharia wa Salem, Massachusetts. Kilikuwa cha pamba isiyong'arishwa, kizito, hakina urembo wowote, na kwa ugumu wake kikageuka kuwa fedha kwenye njia za misafara. Jina lake bado tunalo midomoni.

Sasa vuta. Nguo yoyote inayovutika ivute kwa upana, ishikilie ukihesabu mpaka tano, uiachie. Ikirudi mahali pake mara moja, nzuri. Ikibaki na tumbo, goti lako litafanya hivyo hivyo ndani ya wiki mbili.

Mwisho, ikunje fulana kwa urefu, mshono wa ubavu wa kulia ukutane na wa kushoto. Kama mshono unazunguka kuelekea tumboni, kitambaa kilikatwa kimepinda. Baada ya kufuliwa itazidi kujipinda, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Hatua ya tatu: soma lebo

Lebo ya ubavuni ndiyo inayosema imetengenezwa na nini. Mtumba unatoka popote, kwa hiyo zoea majina ya pamba: Waingereza huandika cotton, Wajerumani Baumwolle, Wafaransa coton, Waholanzi katoen, Waswidi bomull. Ukiokota shati lenye lebo ya Made in West Germany, lina umri wa zaidi ya miaka 30, maana nchi hiyo, Ujerumani Magharibi, iliungana na ya Mashariki mwaka 1990. Kama bado ni zima, usilirudishe mezani.

Pamba huwa na nguvu zaidi ikilowa, ndiyo maana inavumilia kufuliwa kwa mikono. Viskosi, ambayo pia huandikwa reyoni, ni kinyume chake: ni laini, inateremka vizuri mwilini, lakini ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Magauni mengi ya maua yanayouzwa bei rahisi ni viskosi, na huchanikia kwenye beseni, hasa yakikamuliwa kwa kusokotwa. Poliesta haiachi kwa urahisi harufu ya jasho na inachoma kwenye joto letu, ila ina nguvu kweli. Kwa sare ya shule, mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 ni wa haki: unakauka haraka, hauchuji ovyo, na unastahimili mtoto. Kwenye jinzi mimi nakubali spandeksi asilimia moja au mbili. Zaidi ya hapo naiacha.

Lebo ikiwa imekatwa, nenda nyumbani na uzi mmoja uliochomolewa ndani ya pindo, uushike kwa kibanio juu ya sinia, uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu linalosagika. Poliesta inajikunja ikiukimbia moto, inayeyuka, na inaacha kishanga kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa.

Hatua ya nne: geuza ndani nje

Hapa ndipo nguo nyingi zinapoanguka mtihani, na hapa ndipo muuzaji anapoanza kukuambia, "Dada yangu, hii ni orijino, huna haja ya kuikagua." Mwambie kwa heshima, "Kaka, naamini, ila naomba niigeuze." Anayekataa nguo yake igeuzwe amekujibu tayari.

Weka futi kamba juu ya mshono wa ubavu uhesabu. Shati na blauzi zitake mapigo 10 mpaka 12 kwa inchi. Chini ya manane, mshono utaachia. Kisha shika pande mbili za mshono uzivute taratibu kama unafungua mlango. Ukiona nyuzi zimetokeza katikati kama ngazi, uzi ulikazwa kidogo mno. Ukisikia unakatika, mshukuru Mungu umekatikia dukani.

Angalia kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono. Nusu inchi ni nzuri, robo inavumilika. Pungufu ya hapo nguo haiwezi kupanuliwa, wala fundi hatakuwa na pa kushika siku ikifumuka. Mshono bora kuliko yote ni ule wa ndani ya mguu wa jinzi nzuri, kitambaa kimekunjwa kikaingizwa ndani ya mwenzake na kushonwa mistari miwili. Ukiukuta kwenye ubavu wa shati, lipia.

Zipu ifungue na kuifunga mara tano ikiwa imepinda kidogo, kwa sababu mwilini haikai imenyooka. Ya meno ya chuma kwa suruali nzito ni imara zaidi. Herufi YKK ni za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934 na Tadao Yoshida, na zipu zake nimeziona zikizidi suruali kwa maisha. Ila herufi hizo huigizwa, kwa hiyo amini mkono kuliko maandishi. Vifungo, vuta kila kimoja. Tundu la kifungo liangalie kingo: likiwa na manyoya leo, kesho litakuwa mdomo. Ingiza mkono mfukoni mpaka mwisho, maana kitambaa cha mfuko ndicho cha kwanza kupunjwa.

Kama ni mtumba

Mtumba una faida moja ambayo nguo mpya haina: umeshafanyiwa mtihani. Kama ungerudi na kupungua, ungekuwa umesharudi. Kama ungechuja, ungekuwa umeshachuja. Fulana iliyofuliwa mara 40 na bado mshono wake uko ubavuni imekupa ushahidi ambao hakuna duka linaweza kukupa.

Lakini ushahidi huo usome mahali pake. Peleka macho kwapani, kwenye mkunjo wa kola, kwenye viwiko, magotini, na kwenye msamba wa suruali, pale mishono minne inapokutana. Inua msamba kwenye jua: palipolika panaonyesha nukta nukta za mwanga hata kama tundu bado. Lastiki ivute karibu na sikio. Ikitoa mlio wa kukatikakatika, mpira umekauka ndani. Nguo ya ndani na nguo ya kuogelea za mtumba siwashauri watu kabisa. Nguo ya kuogelea ina spandeksi nyingi iliyokwisha kunywa klorini.

Wateja wa Gikomba, Nairobi, wana neno lao la nguo za kwanza kabisa kutoka kwenye belo, wanaziita kamera, na za mwisho ni fagia. Ukifahamiana na muuzaji mmoja ukamwambia unatafuta kitu gani, atakuwekea cha kwanza. Urafiki huo unashinda kuzunguka soko zima.

Hatua ya tano: fundi kabla ya kuvaa

Hili watu wengi hawalifanyi, na ndilo limenisaidia kuliko yote. Nguo mpya ipeleke kwa fundi kabla haijavaliwa.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Imechanika wapi?"

"Haijachanika, ni mpya. Naomba uniongezee mshono wa pili kwapani na kwenye msamba, na ncha za mifuko uzifunge kwa kurudisharudisha."

Mara ya kwanza fundi wangu aliishika ile suruali akaigeuza mara mbili, akidhani sijaiona vizuri. Sasa hivi akiniona na mfuko wa duka anaweka sindano tayari. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Mwombe atumie uzi wa poliesta, mshono mdogo, na apitishe milimita chache pembeni ya mshono wa zamani, upande wa ndani. Vifungo vyote vishone upya mwenyewe kwa mkono, uzi mara mbili, ukiacha shingo ndogo chini ya kifungo na kuizungushia uzi mara nne kabla ya kufunga fundo. Kifungo kilichobanwa sana hung'oa kitambaa.

Ukishonesha nguo nzima, mambo ni mengi kidogo. Kitambaa kiloweke usiku mmoja kwenye maji matupu, kikaushe na kukipiga pasi ndipo ukipeleke, ili kirudi kikiwa bado kitambaa. Nunua robo mita ya ziada uiweke kabatini. Hiyo ndiyo viraka vya baadaye vyenye rangi ileile. Mwambie fundi aache inchi moja ubavuni na, kwa mtoto, inchi tatu kwenye pindo la sketi au suruali. Kila Januari unateremsha pindo badala ya kununua sare. Malipo usimpunje. Ukimpunguzia fundi nusu ya pesa, atakupunguzia kwenye mshono, na utakuwa umeleta nyumbani kwako kilekile unachokilalamikia dukani.

Hatua ya sita: beseni

Nguo nyingi zinauawa na kufuliwa kuliko kuvaliwa. Jinzi na sweta hazihitaji kufuliwa kila zinapovuliwa; zitundike upepo uzipite. Zinazogusa kwapa fua kila siku ukiweza, kwa sababu jasho lenyewe linakula kitambaa.

Kabla ya maji, geuza ndani nje, funga zipu ili meno yasikwaruze wenzake, fungua vifungo. Tenga nyeupe, za rangi, na jinzi. Sabuni ya unga iyeyushe kwanza majini, ndipo nguo ziingie. Ukiinyunyiza juu ya nguo inaacha mabaka. Kuloweka kunatosha nusu saa. Kulaza nguo chafu beseni usiku kucha kunarudisha uchafu ndani ya nyuzi, hasa kwenye joto la Pwani. Kwenye kola na vikofi paka sabuni ya mche, uache dakika kumi, kisha sugua kwa kiganja kitambaa kwa kitambaa. Brashi ngumu na jiwe viwe vya jinzi na magunia.

Jiki ndiyo adui ninayetaka kumtaja kwa jina la mtaani. Klorini inakula pamba polepole, inakula spandeksi na sufi haraka, na doa la njano la kwapani inalizidisha, halitoki. Itumie kwenye pamba nyeupe tupu pekee, imezimuliwa majini, mara chache, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Kwa kwapa lililoanza kubadilika, paka uji mzito wa magadi ya kupikia, subiri nusu saa, sugua, suuza. Fanya hivyo kabla ya pasi, maana moto hufunga doa.

Kuhusu kuchuja: tumelelewa tukiloweka khanga mpya kwenye maji ya chumvi. Nasikitika kusema chumvi haifungi rangi ya nguo iliyokwisha kutengenezwa. Kinachosaidia ni kuifua peke yake mara tatu nne za mwanzo kwenye maji baridi, na kuisuuza mpaka maji yatoke meupe.

Suuza maji mawili au matatu. Mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu na inabaki kwenye nyuzi, nguo inakuwa ngumu na ya kijivu. Kama mnakinga ya mvua, yawekeni kwa suuzo la mwisho. Kamua kwa kuminya, usisokote. Wenye mashine punguzeni mzunguko wa kukamua na msiijaze zaidi ya robo tatu.

Alama za lebo zikikuchanganya: beseni ni kufua na namba yake ni joto la maji, pembetatu ni dawa ya kung'arishia, mraba ni kukausha, duara ni dobi wa dawa, pasi ni pasi. Kilichopigwa alama ya mkasi (X) ni marufuku.

Hatua ya saba: kamba na pasi

Jua letu ni dawa na ni moto. Nyeupe za pamba zipe jua. Za rangi anika kivulini penye upepo, zikiwa zimegeuzwa. Fulana itundike kwa kuikunja katikati juu ya kamba au kwa pindo, usiibane mabegani, vinginevyo inaota pembe. Sweta lilaze.

Kivulini kuna tahadhari yake. Katika maeneo mengi yetu wapo nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Kwa hiyo usianike juu ya majani wala chini, na kilichokauka kivulini kipige pasi, hasa kwenye mishono na lastiki ya nguo za watoto. Najua joto linachosha lastiki. Kati ya lastiki na ngozi ya mtoto, nachagua ngozi.

Nukta ndani ya alama ya pasi ni joto: moja ni takriban nyuzi 110, mbili 150, tatu 200. Poliesta haizidi mbili. Wenye pasi ya mkaa wekeni kitambaa chepesi cha pamba kilicholowa katikati.

Hatua ya nane: shona likiwa tundu dogo

Kila Jumamosi kabla ya kufua, napitia nguo za wiki na kopo la sindano. Mshono ulioachia nusu inchi ni kazi ya dakika mbili. Ukiupeleka beseni unarudi na inchi nne.

Msamba wa jinzi uliokonda usiusubiri utoboke. Kata kipande cha jinzi ya zamani, kipite sehemu iliyolika kwa inchi moja kila upande, pembe zake zikate mviringo kwa sababu pembe kali hubanduka. Kiweke upande wa ndani, kishikize kwa mishono mirefu ya mkono, kisha fundi apitishe cherehani mistari mingi iliyosogeleana, kwenda na kurudi, ikifuata mistari ya kitambaa, kuanzia palipo pazima mpaka palipo pazima tena. Ukimaliza chomoa mishono mirefu. Kwa uzi wa rangi ya suruali, hakuna atakayeona.

Kola iliyolika igeuzwe. Fundi anaifumua kutoka kwenye shingo, anaipindua, upande uliokuwa chini unakuja juu, anaishona tena mahali pake. Mafundi wa zamani wanalifanya bila kuuliza. Wa sasa waeleze. Shati linapata miaka mingine miwili.

Ikifika mwisho

Nguo isiyotibika usiitupe nzima. Kata vifungo, chomoa zipu, toa lastiki kama bado hai. Pamba ikate vitambaa vya kufutia. Poliesta haifyonzi maji, iache iwe ya kujazia mto. Miguu ya jinzi hifadhi kwa viraka. Vifungo vya yale mashati mawili ya shule niliviweka kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, kumi na sita kwa jumla. Vinne viko kwenye shati analovaa binti yangu sasa, lile ambalo fundi alilipitia kwapani kabla hajalivaa.